Kinu Kitupu cha Mama

Mjukuu wangu Asumini,

"Watu wa zamani walikimbia chanjo kwa sababu ya ujinga." Unasema hayo ni maneno ya mwalimu wako huko Bukavu, na unaniuliza kama ni kweli. Si kweli hata kidogo. Sisi hapa Kasongo tu wazima, bibi yako anakusalimu, mihogo imekubali. Sasa nisikilize.

Wakati wa Wabelgiji tulilazimishwa kulima pamba, na aliyechelewa alifungwa. Kwa hiyo mwanamke aliyemwona polisi njiani alitwanga kinu kitupu. Ile sauti kavu ikisikika, kijiji kizima kiliingia porini.

Mwaka wa ndui, muuguzi alileta chanjo, polisi yule yule wa pamba akimtangulia. Mama akatwanga. Tukakimbia, pamoja na dada yangu Feza, ambaye bado alikuwa mzima.

Kule porini nikauliza, "Mama, unaogopa shindano ile ya kuchanja?"

"Shindano sijaiona bado," akajibu. "Ule polisi ndiye namujua."

Ndui ilimchukua Feza kabla ya mavuno. Baadaye muuguzi alirudi kwa baiskeli, peke yake, na kijiji kizima kikamnyoshea mikono.

"Mama, mbona leo kinu kimenyamaza?" akauliza.

"Leo umekuja weye tu."

Basi ujinga ule ulikuwa wa nani? Asumini, wewe na wenzako mnaosomea uuguzi, msomeeni mwalimu wenu barua hii. Na siku mtakapotumwa vijijini na chanjo, kataeni kutanguliwa na askari.

Babu yako