Daftari la Helikopta la Bwana Solberg

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi, Columbia Heights, Minnesota
Tarehe na saa: Ijumaa, 13 Machi 2026, saa nne na dakika kumi asubuhi
Jina: Nkirote Mwirigi
Umri: Miaka 46
Kazi: Mhudumu wa wagonjwa majumbani
Makazi: Brooklyn Center
Lugha: Kiswahili, kupitia mkalimani, Bi. Haika

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Kiingereza nazungumza kila siku kazini, lakini leo nimeomba Kiswahili kwa sababu jana nilijaribu kueleza jambo hili kwa Kiingereza nikiwa na hasira, nikaambiwa nitulie. Sikupenda kuambiwa nitulie.

Nimemhudumia Bwana Arvid Solberg, mwenye miaka 94, katika nyumba anayopanga hapa Columbia Heights, kwa mwaka mmoja na miezi minne. Zamu yangu huanza saa moja asubuhi na kuisha saa tisa alasiri. Anayenipokea ni Naftali Ombasa, miaka 52, ambaye mmemkamata. Kabla ya kuja Marekani, Naftali alikuwa fundi wa helikopta katika jeshi la Kenya, kule Nanyuki. Hapa anaogesha wazee kama mimi.

Nimeulizwa daftari lenyewe ni la nini. Kati ya mwaka 1955 na 1957 Bwana Solberg alikuwa mchoraji wa mitambo katika kiwanda kimoja cha kusini. Walikuwa wakibuni helikopta ya jeshi ya kazi zote, ibebe askari, mizigo na majeruhi. Yeye alishughulikia ndani, pale watu wanapokaa na kulala. Walijenga bodi ya mfano ya mbao, ya ukubwa kamili, wakalaza watu juu ya machela ndani yake, wakapima kila kitu. Vipimo hivyo aliviandika kwa penseli katika daftari la jalada la kijani. Analo hadi leo.

Najua habari hizi kwa sababu zulia lake la sebuleni limepigwa utepe wa buluu kufuata ukubwa wa chumba cha helikopta hiyo. Mimi nimekuwa majeruhi wake mara nyingi. Nalala chini na sare yangu ya kazi, yeye anakuja na kigari chake cha kutembelea, anaeleza. Katika mchoro wa kwanza machela zilipangwa kwa urefu, na mwuguzi angebanwa upande wa kichwa, hafiki kifuani wala miguuni. Yeye akataka zilale kwa upana na mlango uongezwe. Wakubwa wakasema mlango mpana utadhoofisha bodi. Akapima tena siku kumi na tisa mfululizo mpaka wakakubali, lakini mchoro ulipotoka ulikuwa na jina la mtu mwingine. Mzee anaweza kusahau kama amekunywa chai. Jina la mtu huyo hasahau.

Aliwahi kuniambia, "Ukimlaza mtu mahali ambapo mwuguzi hamfikii, umebeba mzigo tu." Mimi hubeba watu kwa riziki yangu, kwa hiyo hilo nililielewa bila mchoro.

Mwezi wa pili mwaka huu jumba moja la makumbusho lilimwandikia. Watu wa jumba hilo watakuja Jumamosi, tarehe 14 Machi, yaani kesho, wamrekodi, kwa kuwa wenzake wote waliobuni helikopta ile wameshakufa. Mzee alifurahi, kisha akaanza kuhangaika. Penseli imefifia na macho yake yamekwisha. Alitaka kusoma mwenyewe mbele ya wageni, si kusomewa.

Mnamo tarehe 9 Machi, Jumatatu, Naftali alifika mapema, saa tisa kasorobo. Mzee alikuwa kitini, na akili yake siku hiyo ilikuwa safi. Alitoa daftari chini ya mto, akampa Naftali, akamwomba aende nalo nyumbani alinakili lote kwa wino na kwa herufi kubwa. Naftali ndiye mtu pekee katika jengo lile anayejua mhimili wa panga la helikopta ni nini. Wanaweza kuzungumza hayo saa nzima, mimi nikawa kama kiti.

Tulipokwenda jikoni kukabidhiana zamu, Naftali alichukua faili la huduma. Hilo ni faili ambamo tunaandika kila kitu: amekula nini, ameoga saa ngapi, nani ameingia. Kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Kanuni nyingine ni kwamba mhudumu hatoki na kitu cha mgonjwa, hata kijiko, hata akipewa.

Nilimwuliza, "Baba Moraa, unaandika nini?"

Akasema, "Naandika ati Mzee amenipatia hii kitabu. Ndio ikae clear."

Nikamwambia, "Usiandike. Ukiandika supervisor ataona, ata-report, na wewe ndio utaenda home. Beba, urudishe Thursday. Nani atajua?"

Akasema, "Mama Kendi, lakini hii si kitu ya kuficha."

Nikamwambia, "Hujui hawa watu. Wewe skiza mimi."

Akaifunika kalamu, hakuandika. Hivyo ndivyo tunavyosaidiana sisi wahudumu tuliotoka nyumbani Kenya. Ukichelewa dakika kumi kwa sababu ya theluji, mwenzako haandiki. Ukipewa keki, mwenzako haandiki. Nimefanya hivyo miaka kumi na moja na kila mara nilijiona mwema. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilichimba, akaingia mwenzangu.

Tarehe 10 Machi, saa tatu asubuhi, Bwana Solberg aliniuliza, "Yule bwana wa jeshi amefika ukurasa wa ngapi?" Nikajibu sijui, Naftali mwenyewe atamwambia jioni. Kwa hiyo siku hiyo alijua daftari liko wapi. Hilo pia sikuliandika.

Jana, tarehe 12 Machi, saa nne kamili asubuhi, alifika binti yake, Bi. Marlys. Nimemwona mara tisa tangu nianze kazi. Alikuwa akiliita lile daftari "makaratasi ya Baba." Jana alilitaka kwa ajili ya wageni wa makumbusho, asilione. Akamwuliza baba yake. Mzee alikuwa ameamka vibaya, hajui ni mwezi gani. Akajibu, "Daftari langu halijawahi kutoka nyumba hii." Bi. Marlys akafungua faili la huduma, akasoma wiki nzima, hakukuta neno. Akanigeukia.

Nilisema sijui.

Afisa Vang, anayeandika maelezo haya, ameniuliza kwa nini nilisema hivyo. Niliogopa. Nilidhani Naftali akilirudisha mapema mambo yatakwisha, kwa hiyo saa nne na dakika ishirini niliingia bafuni nikampigia simu, nikamwambia alete haraka. Ndiyo, simu hiyo mliyoiona katika simu yake ni yangu. Sikujua kwamba wakati huo huo Bi. Marlys alikuwa sebuleni akiwapigia ninyi.

Naftali aliingia saa tano na dakika tano akawakuta polisi wawili. Kwenye begi lake kulikuwa na daftari la kijani, limefungwa kwa taulo safi, na kurasa sitini na moja alizoandika kwa mkono wake baada ya zamu. Herufi zilikuwa kubwa kama za darasa la kwanza. Hata michoro ya machela aliinakili kwa rula. Bi. Marlys hakuzitazama. Alisema, "Amelirudisha kwa sababu tumemgundua."

Hapo ndipo nilipoanza kupiga kelele kwa Kiingereza, nikaambiwa nitulie.

Polisi mmoja alimwuliza Bwana Solberg kama alimpa mtu huyu daftari. Mzee alimtazama Naftali, akasema, "Simjui." Blanketi la Mzee lilikuwa limeanguka kutoka magotini; Naftali aliinama akamfunika, kisha akanyoosha mikono afungwe pingu.

Nataka ijulikane kwamba simlaumu Mzee, ugonjwa wake wa kusahau haumwombi ruhusa. Namlaumu binti kidogo. Najilaumu mimi sana. Mtu akiandikwa mwizi wa mzee anayemhudumia, hashiki tena mgonjwa Minnesota nzima. Naftali aliacha mitambo aliyoijua, akajifunza kuogesha watu akiwa na miaka arobaini na mbili, na hakulalamika nikasikia. Sasa anapoteza hata hiyo kwa sababu alinisikiliza.

Afisa ameniuliza kama nina ushahidi mwingine. Sina. Tulikuwa watatu tu chumbani: mmoja amesahau, mmoja mmemfungia, na wa tatu ni mimi niliyesema sijui.

Katika kazi yetu, ukiacha kuandika jambo, huruhusiwi kurudi nyuma ukabana maneno katikati ya mistari. Unaandika tarehe ya leo, unakiri umechelewa, unaeleza kilichotokea, unatia sahihi. Basi leo ni tarehe 13 Machi, nimechelewa siku nne. Tarehe 9 Machi, saa tisa kasorobo alasiri, Bwana Arvid Solberg alimpa Naftali Ombasa daftari lake kwa mkono wake mwenyewe, akamwomba alinakili. Niliona. Naftali alitaka kuandika. Mimi nilimkataza.

Hayo ndiyo maelezo yangu, nimeyatoa kwa hiari, na sijaahidiwa kitu.

Sahihi: N. Mwirigi

MAELEZO YA AFISA: Shahidi amesomewa maelezo haya kwa Kiswahili na amethibitisha kuwa ni sahihi. Nimemjulisha kwamba mwajiri wake anaweza kupewa nakala, na kwamba huenda akafutwa kazi. Amesema mwajiri asisubiri kuletewa na polisi. Ameomba nakala ili yeye mwenyewe ampelekee msimamizi wake. Nimemkabidhi saa sita na dakika tano mchana.

Afisa T. Vang