Maharage Baridi, Nyabiondo

Jumatano, 14 Februari 2024

Majivu kwenye paji la uso, na vidonge vyangu vya ugonjwa wa sukari vimeisha. Barabara ya Goma imefungwa tena. Mume wangu Katembo amekwama huko na bidhaa za duka na dawa zangu, mimi nimekwama huku na mama yake. Nani ana nafuu? Yeye, bila shaka!

Nimekwenda kwa infirmier Isidore, muuguzi wetu. Kabati lake tupu. Ameniambia nile maharage na maganda yake, na ndizi mbichi, vyote vipikwe na kuachwa vipoe hadi kesho yake. Eti tumboni kuna vijidudu vinavyokula kile ambacho sisi tunashindwa kumeng'enya — vikishiba, sukari haipandi kwa kasi. Vyakula hivi havishiki nafasi ya vidonge, amesema, ila vitanisaidia kungoja. Nimecheka. Barabarani wenye bunduki wanadai chakula, sasa hata tumboni!

Ijumaa, 16 Februari

Mama mkwe wangu, Kavira, amekasirika. Kwake chakula cha jana ni cha mbwa, au cha mke aliyefukuzwa.

"Watu watasema Kavira anatesa muke ya mutoto yake!"

Amechukua maharage yangu, akayamenya moja moja. Kwa upendo, najua — mgonjwa hapewi maganda. Kisha uji wa mtama, sukari bila huruma. Nikasema nimefunga.

"Kwaresima haikatazake uji!"

Nimekunywa. Ningefanyaje? Alikaa ananitazama mpaka kikombe kikaisha.

Jumamosi, 17 Februari

Kiu. Kukojoa. Kiu tena. Macho yana ukungu. Mabomu yanasikika ng'ambo ya kilima, hakuna anayetoka. Uji asubuhi, uji jioni. Naogopa kufa humu ndani — kwa utamu!

Jumatatu, 19 Februari

Isidore amekuja mwenyewe. Alikuwa amebakiza kipimo kimoja. Amenipima. Halafu akamgeukia Mama.

"Mama, ile uji ndiyo inamuua."

Mama aliinuka. Akatoka. Nikamsikia analia nyuma ya jiko. Nilitaka kumfuata, nikaona haya.

Jioni ameniletea maharage, baridi, na maganda yake yote, sahani imefunikwa kitambaa cha wageni. Hakunitazama usoni. Nimekula yote.

Alhamisi, 22 Februari

Wakimbizi wamejaa hadi shuleni, sokoni maharage yameisha. Kumebaki unga wa muhogo tu. Asubuhi nimemkuta Mama anafungua kifuko kinachoning'inia juu ya moshi — mbegu za maharage! Za kupanda mwezi ujao! Nikapiga kelele: Mama, na tutapanda nini?

"Nyamaza. Leta mayi."

Nikaleta maji. Sasa chungu kiko motoni. Risasi zimeanza upande wa kanisa. Jirani yetu Annonciata amepita na godoro kichwani, anaita tukimbie — njia ya Walikale bado iko wazi, lakini si kwa muda mrefu. Nimefunga kitenge, viatu viko miguuni, naandika nimesimama mlangoni. Mama, tuyaache! Mama, nakuomba!

Anapepea moto.

"Maharage yako haiyaiva."