Mwaka Ambao Lilian Hakuishi

Jumanne, 6 Januari 2026
Lilian wetu amefariki jana saa tisa mchana. Ni ule ugonjwa wake wa selimundu. Tutamzika Ijumaa hapa nyumbani, juu ya Tengeru, karibu na migomba. Shemeji Daniel atasoma historia ya marehemu kanisani, lakini ameniomba niiandike mimi mama yake. Ya mtoto huwa fupi, amesema. Nusu ukurasa.
Nina kurasa nne!

Jumatano, 7 Januari
Nimeandika: alizaliwa Jumapili ile ya bomu la kanisani Olasiti. Muuguzi alimfunga kwenye kitenge changu, akakimbia kupokea majeruhi. Wakati wa korona, ndoo ya maji pale getini ilikuwa yake — hata mchungaji alioshwa mpaka viwiko. Rais alipofariki, aliuliza kama mjane ataruhusiwa kubaki kwenye ile nyumba ya Ikulu. Na Oktoba, mtandao ulipozimwa wakati wa uchaguzi, sisi tuna hofu, yeye anamwambia dada yake ambaye simu haimtoki mkononi, “Nancy, kumbe una masikio!”
Nimecheka peke yangu jikoni.

Alhamisi, 8 Januari
Daniel amesoma, akarudi kwenye mstari wa kwanza.
“Mama Nancy, bomu lilikuwa 2013. Cheti cha kuzaliwa kinasema 2012, na msalaba umeshaandikwa hivyo. Arusha nzima inaujua mwaka ule.”
Nimemwambia. Mtoto alikuwa analia kila asubuhi wenzake wakienda shule. Shuleni walitaka miaka sita, yeye hajaifikisha. Cheti hana. Nikaenda kukiomba, nikala kiapo, nikamwongezea mwaka mmoja. Mume wangu Gerson alijua, hakunizuia.
“Sasa kaka ni mzee wa kanisa,” Daniel akasema. “Toa hilo la bomu, yaishe. Au unataka usharika wote ujue mliapa uongo?”
Nikasema sitaki alale chini ya mwaka ambao hakuishi. Aliishi kumi na miwili na miezi minane. Ndiyo yote aliyopata.
Gerson alikuwepo. Alichukua ndoo akaenda kukamua.

Ijumaa, 9 Januari
Sijalala vizuri. Ibada saa sita. Akina mama wananiita nikakae nao kwenye mkeka. Nimesema nakuja.
Karatasi Daniel ameichukua alfajiri. Sijui kama ameukata mstari ule. Nimeogopa kuuliza.
Kutoka dirishani namwona Gerson uani, ameshavaa suti. Msalaba ameulaza magotini. Ana msasa. Nilidhani analainisha pembe — hapana, anasugua ile 2 ya mwisho ya 2012. Vumbi jeupe limejaa kwenye suruali.
Daniel amemsimamia. “Kaka, watu wanaingia. Mchungaji yuko njiani. Kaka!”
Gerson hajamtazama. Anapuliza vumbi, anasugua tena. Wageni wamesimama getini, wanaona kila kitu.
Sasa ameinua kichwa, ananiita kwa sauti kubwa mbele ya watu wote. Anauliza rangi nyeusi iko wapi.