Kabla Hawajaikata Sauti

Koenji, Tokyo
9 Oktoba 1994

Mama mpendwa,

Hujambo? Magoti yanasemaje na baridi hii inayoanza huko Yokote? Mimi nipo, ila si mzima, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Huku kukwaruza koo si mafua. Ni saratani. Daktari anataka kuliondoa koromeo lote. Anasema nitaishi, lakini sitasema tena, wala kuimba.

Alitaka anipasue wiki ijayo. Nimemwomba asubiri hadi baada ya onyesho la bendi yetu ya muziki wa panki, tarehe 20 Novemba. Miaka yote hii hujawahi kunisikia, Mama. Njoo.

Mwanao,
Nagisa

Yokote
14 Oktoba 1994

Nagisa mwanangu,

Sijambo, na hayo ya magoti tuyaache. Una wazimu? Mtu anaambiwa ana saratani, yeye anaomba ruhusa akapige makelele kwanza! Kati ya hao panki wenzako hakuna hata mmoja mwenye akili, akakwambia nenda hospitali? Nenda kesho. Ukishapona nitakuja kukutazama hata kila mwezi.

Mama yako

Koenji
18 Oktoba 1994

Mama,

Salamu tele. Nikishapona hakutakuwa na cha kusikia. Onyesho ni saa tisa alasiri. Tokea upande wa kaskazini wa stesheni, uliza duka la tofu, ile jibini ya soya. Ngazi za kushukia ukumbini ziko ubavuni mwake.

Mwanao

Yokote
23 Novemba 1994

Nagisa mwanangu,

Koo linaendeleaje? Uji unapita? Nilifika salama, ila masikio bado yanavuma. Pale stesheni nilikuaga vibaya, ndiyo maana naandika.

Yule kijana mwenye nywele kama kishungi cha jogoo alinishika mkono ngazini. "Taratibu, mama, bia imemwagika hapa." Akachana karatasi ya chooni, akanisokotea vipande viwili. "Ziba masikio, mama, la sivyo kesho utatulaani." Nilipomwambia mimi ndiye niliyekuzaa, aliinama kwa heshima, nusura kishungi kinitoboe jicho.

Kisha ukapanda jukwaani, ukapiga ukelele. Vijana wakaanza kugongana kama ng'ombe waliokata kamba. Mmoja akianguka, waliomwangusha ndio wanaomwinua. Mmoja alinisukuma nikagonga spika. Nikamsukuma na mimi.

Sikuelewa hata neno moja. Lakini ile karatasi niliing'oa masikioni, maana ilikuwa sauti yako na haitakuwepo tena. Halafu ukafuta mdomo kwa leso, nikaona damu. Nikatamani nipande nikuburute. Watu wakaomba wimbo mwingine, nawe ukaimba. Nilikuchukia, Nagisa. Nililia, nikakuchukia, na sikutaka uache.

Siku ya upasuaji nakuja. Usibishe.

Mama yako

Yokote
6 Februari 1995

Nagisa mwanangu,

Sijui nikujulieje hali, kwa kuwa barua zangu hujazijibu. Siku niliyokuaga hospitalini, baada ya upasuaji, uligeukia ukutani. Daktari alishaniambia kwamba ugonjwa ulipata nafasi ya kufika kwenye tezi za shingo wakati ule wa kungoja. Lawama zangu nimeziandika na kuzichana mara nyingi.

Jana asubuhi simu ililia. Nikapokea, kimya. Nikadhani ni watoto wanachezea simu, nikataka kukata. Ndipo nikasikia pumzi ikipita kwenye tundu la shingo walilokutoboa upumulie, ileile niliyoisikiliza kando ya kitanda chako.

Sikuuliza kitu. Nikakusimulia theluji iliyobomoa paa la banda, paka wa jirani aliyezalia kabatini mwangu, figili zangu za siki zilizoharibika. Niliposema mtoto mmoja wa paka ana uso kama wa shangazi yako Fusae, pumzi ikakatikakatika. Ulikuwa unacheka, au unalia, sikuweza kujua. Nikaendelea kusema hadi nyumba ikajaa moshi wa wali unaoungua.

Nimeula hivyo hivyo. Piga tena kesho. Nina mengi.

Mama yako