Nguzo Moja Tu

Jumamosi, 17 Agosti 1996

Na fundi wa simu aliniambia kabisa! "Mama, weka nguzo ya pili, waya utalegea pale njiani." Nikamjibu nyumba hii mpya imeshanimaliza, avute hivyo hivyo.

Leo asubuhi simu ikalia humu ndani kwa mara ya kwanza. Alikuwa mdogo wangu Kabula, anapiga kutoka Mwanza ili aongee na baba. Baba hajasikia sauti yake miaka mitatu. Nikakimbia nje kumwita, kumbe ndiyo anaingia kutoka Magamba na mkokoteni wa ng'ombe, amepanga magunia ya mpunga hadi juu, zawadi ya nyumba. Gunia la juu likanasa waya. Ukakatika.

Nikamfokea mbele ya majirani. Baba yangu mzazi! Eti hana macho.

Alishusha magunia yote, akayapanga sebuleni, ndipo akaniuliza taratibu, "Kabula sauti yake bado ni ile ile?"

Nikasema ndiyo. Akageuza ng'ombe.

Fundi anarudi Jumatatu, na nguzo ya pili nitaweka. Ila baba ameondoka nyumbani kwangu bila kunywa hata maji.