Simu Niliyoichezea

Jumatatu, 3 Machi

Injinia amerudi kutoka chuoni na fomu mkononi, uso kama ndimu iliyokwisha kukamuliwa. Huyu ni mjukuu wangu wa kike, ila tangu aanze kusomea kompyuta namwita Injinia. Naye akitaka kunichokoza ananiita Mzee Taipureta, kwa sababu miaka thelathini na nne nilitengeneza mashine hizo, mpaka kompyuta zikaja zikanifungia duka. Ndiyo dunia. Adui aliyekuua, mjukuu wako anakwenda kuolewa naye.

Chuo kinataka barua. Ofisi yoyote imkubali akafanye mafunzo ya kazini kwa wiki kumi na mbili. Mwisho ni Ijumaa ya tarehe 21. Bila barua anakaa nyumbani mwaka mzima kungoja zamu nyingine. Ameomba sehemu kumi na moja. Tisa kimya. Mbili wamejibu kwamba wanataka mwenye uzoefu. Nikamuuliza huo uzoefu unauzwa wapi, tukanunue kilo mbili. Hakucheka.

Simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya kufulia, ipo kwa fundi. Kwa hiyo kila fomu ameandika namba yangu, na jina langu kama mlezi. Nimeagizwa niichaji, nisiizime, nisiisahau chooni. Uzeeni nimekuwa sekretari!

Alhamisi, 6 Machi

Leo nyumbani ilikuwa bunge. Mkwe wangu — mama yake Injinia, nesi, mwanamke asiyetulia hata akikaa — anataka binti akafundishe kompyuta shuleni. Kazi ya uhakika, anasema, watoto hawamaliziki duniani. Rafiki yake wa chuoni anamvuta kwenye ulinzi wa mitandao, kuwinda wezi. Mwenyewe anataka kuandika programu. Nikachangia kwa akili yangu ya darasa la sita: mmoja anafundisha nyumba inavyojengwa, mmoja anailinda, mmoja anaijenga, na mjenzi ndiye anayetukanwa ikivuja. Mkwe akasema afadhali kuna mtu mmoja mwenye akili humu ndani. Wala sikuwa upande wake.

Jana alifanyiwa intaviu. Kampuni ndogo, watu wanane, ghorofa ya tatu juu ya duka la magodoro. Wanatengeneza programu za zahanati, ili faili la mgonjwa lipatikane kabla mgonjwa hajafa. Walimpa programu mbovu wakamwambia atafute kasoro, ana saa mbili. Akaipata kwa dakika arobaini. Na akawaonyesha ya pili, ambayo wenyewe hawakuijua. Amerudi anatembea kama jogoo aliyenunua banda.

Nikamwambia hiyo si elimu, hiyo ni damu yangu. Mimi nilikuwa nasikia taipureta inavyogonga tu, najua herufi gani inaumwa.

Akaniangalia. "Kweli, Babu. Raha yenyewe ndiyo hiyo."

Sijaambiwa neno zuri namna hiyo tangu bibi yake afariki.

Watapiga simu.

Jumanne, 11 Machi

Nimecheka mpaka nikakohoa! Matapeli wa simu wamenipigia tena. Zamani nilikuwa nawakatia. Siku hizi nawachezea — mzee asiye na duka naye lazima apate pa kushinda. Mwezi uliopita mmoja aliniambia nimeshinda gari, nikamshika dakika ishirini nikimuuliza kama ng'ombe ataenea kiti cha nyuma.

Wa leo ni mwanamke, sauti laini kama amemeza losheni. Akataja kampuni, sikusikiliza. Tapeli gani asiye na kampuni? Anamjua mjukuu wangu kwa majina yote matatu. Eti mimi ndiye mlezi wake? Eti anathibitisha taarifa, nimtajie namba ya kitambulisho cha binti na mahali anapoishi. Nikasema moyoni, haya, samaki kaingia mwenyewe kwenye sufuria. Nikamwambia huyo ni mke wangu wa tatu, ametoroka na dereva wa gari la taka, na hata akirudi, kila akiona kompyuta hupiga mayowe na kuvua viatu. Akauliza, kwa adabu kabisa, kama ningependa apige wakati mwingine. Nikamwambia amsalimie bosi wake, nyumba hii wajinga wamekwisha, ajaribu kwa jirani.

Nimejipongeza kwa chai ya pili.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi Injinia ameuliza kama kuna simu. Nikaanza kumsimulia ya jana, kicheko kimeshanitangulia. Akanikatiza.

"Sekretari wao alisema atampigia mlezi kwanza. Atataka namba ya kitambulisho na tunapoishi. Nimekuandikia, Babu, karatasi ipo chini ya redio."

Nikaweka kikombe chini.

Nikasema kuna tapeli tu alipiga, mambo ya magari. Wengine hakuna.

Nimekwenda kutazama. Karatasi ipo. Ameandika kwa herufi kubwa, kwa ajili ya macho yangu.

Mtu mzima. Miaka sabini na mbili.

Ijumaa, 14 Machi

Injinia amekwenda mwenyewe ghorofa ya tatu. Nafasi amepewa mwingine. Meneja hakumpa sababu. Alimwambia kazi yake ilikuwa nzuri sana, ila kwanza akamalize mambo ya nyumbani. Mambo gani ya nyumbani? Akaniuliza mimi. Nami nikatazama dirisha, kama vile dirisha ndilo lililoulizwa.

Halafu akaanza kujichambua kama dagaa. Labda ile kasoro ya pili iliwaudhi. Labda alijidai. Labda programu si zake, alikuwa anajidanganya tu. Mama yake akamalizia: nilisema. Neno moja, kama sindano, na kazi yake ndiyo hiyo. Shule iliyo karibu na hospitali yake iko tayari kutoa barua hata kesho. Jumatatu Injinia anachukua fomu ya kuhamia ualimu wa kompyuta. Ualimu si ubaya. Ubaya ni kwamba anakwenda huko kama mtu anayekwenda kulala bila kula.

Mimi ninayesema hata nisipoulizwa, leo nimeulizwa, sikusema. Mkwe wangu ameniuliza kama naumwa, mbona nyumba imetulia.

Kompyuta iliniua mimi bila kunijua. Huyu mimi ninamjua, na nimemuua nikicheka.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeipigia ile namba mara saba, inaita tu. Mara ya nane akapokea mlinzi. Ofisi imefungwa. Nikaanza kujieleza, mambo ya mjukuu, kitambulisho, gari la taka. Akaniambia mzee mzima na utapeli haviendani, nitafute kazi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda. Lifti ipo, imebandikwa karatasi ya kuomba radhi. Nimepanda ngazi, nikipumzika kila ghorofa kama mfalme anayekagua nchi.

Sekretari ni yule yule wa sauti ya losheni. Nilisema "hujambo, binti" tu, akaweka kalamu chini.

"Mume wa mke wa tatu," akasema. Yeye hakucheka. Ndani walicheka — kumbe hadithi yangu imeshazunguka meza zote.

Meneja ni kijana, ndevu zake chache zimelazimishwa kuwa nyingi. Nikamweleza yote nimesimama, kofia mkononi. Kiti nilipewa, nikakikataa. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema nafasi ile imeshakaliwa, hawezi kumnyanyua mtu. Lakini kasoro ya pili bado inawasumbua, na aliyeiona ni mjukuu wangu. Wakisogeza printa, kiti kimoja kitaingia. Barua ataisaini kesho saa nne asubuhi. Ila aje akiwa anajua kilichotokea.

"Mzee, siwezi kumkalisha hapa mtu ambaye ofisi nzima inajua kisa chake isipokuwa yeye. Mwambie wewe."

Nikasema hilo dogo. Nilipofika ghorofa ya kwanza halikuwa dogo tena.

Nimefika nyumbani saa tisa. Injinia yupo mezani, fomu ya ualimu imejaa, kwa mwandiko safi wa mtu aliyekata tamaa. Imebaki sahihi ya mlezi. Akanisogezea kalamu.

"Usinihurumie, Babu. Wote chuoni walinicheka nilipokosa nafasi. Angalau wewe hukunicheka."

Ningesema pale pale. Mdomo ulifunguka kabisa. Kilichotoka ni kwamba naingia chumbani mara moja nikatafute miwani, mtu hasaini asichokisoma.

Nimekaa kitandani naandika haya. Miwani ninayo usoni.

Ananiuliza kutoka kule kama nimeiona. Nimejibu bado. Amesema basi nisihangaike, anakuja tuitafute pamoja.

Nasikia kiti kinasogezwa.