Mchele Usionukia

Mwera, Pangani
Agosti, 1955

Kwa kaka yangu Uweso, huko Mabawa,

Shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta mzima pamoja na wifi Asmahani na mtoto wenu mchanga, ambaye nasikia ana mdomo mpana kama wangu. Sisi huku viungo vizima. Kwa mengine tunamshukuru Mungu, tutafanyaje?

Kaka, mpunga umekwenda. Masika yalipiga hodi tu, yakaondoka. Mto ukapungua, bahari nayo ikaupandia. Wewe umekulia majarubani, ada unaijua: bahari ikijaa sana kwa bamvua na kusukuma maji ya mto juu, baba huyateka kwa kata, huonja, na akisema matamu kila mtu hubomoa tuta lake yaingie. Basi watu wakasimama na majembe yao. Baba akaonja, akasema matamu. Tukabomoa.

Hazikupita siku nyingi majani yakaungua ncha, na udongo ukatoa weupe wa chumvi. Mashuke yalipotoka yakawa mapepe matupu. Bibi Mwanamkasi, jirani yetu, hana hata mbegu ya msimu ujao. Wengine wanasema ni kudra, wengine wanasema pana mkono wa mtu.

Sisi tulipata kikapu kimoja. Mama akatwanga, ukatoka chenga. Akapika wali wa mchele mpya kwa nazi, majirani wakaitwa kama kawaida. Unakumbuka mchele wetu, ukichemka hata mpita njia hupunguza mwendo. Huu ungedhani tunachemsha mawe! Baba akala tonge la kwanza, akafumba macho, akasema harufu ni ileile ya enzi za marehemu bibi. Watu wakainamia sinia. Mimi nikacheka, nikidhani anatania, mama akanifinya paja.

Jikoni ndipo aliponiambia. Tangu ile homa ya mwaka jana baba hasikii harufu wala ladha, na anaona haya kusema. Mama alijua siku alipomtilia chumvi kwenye chai kwa kukosea, naye akamaliza kikombe. Tangu hapo mama ndiye aliyekuwa akitangulia mtoni kuonja, na maji yakiwa mabaya humzuia baba kwa visingizio, mara mgongo, mara mgeni. Bamvua lile mama alikuwa huko kwako, akimkanda wifi.

Sikulaumu, kaka. Mama amenikataza nisikwambie, lakini mimi mambo hayakai tumboni. Baba nilimkasirikia hasa, nikamnunia. Kisha juzi nikamkuta nyuma ya jiko, amechovya kidole kwenye chumvi, analamba, anangoja. Analamba tena. Nikarudi ndani nikalia.

Mama anakusalimu sana, na mtoto mpakate kwa niaba yangu. Msimu ujao uje wewe uonje, utafute kisingizio chako.

Aliyeleta barua hii anacho kibaba cha mchele wetu, baba amekupelekea. Anasema wifi akiupika, Mabawa nzima watauliza mchele gani huo. Tafadhali kaka, mwandikie upesi kwamba waliuliza.

Ni mimi nduguyo,
Chiku binti Sadalla